Lidwina Haondoki Darasani

Bombambili,
S.L.P. 318,
Songea.
9 Februari 1997

Mpendwa mdogo wangu Kajetani,

"Akili ni kama urefu wa mtu, aliyezaliwa nayo fupi huwezi kumvuta." Ndivyo alivyoniambia Bwana Otto, mwenye ile shule mpya ya kulipia, huku akinikabidhi karatasi yenye namba ya akili ya mwanao Lidwina. Ni uongo, na nimeutanguliza mbele ya salamu ili uusome macho yako yakiwa bado hayajachoka.

Sasa salamu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mguu wa shemeji Notburga umepona? Sisi wazima, mvua inanyesha vizuri na mahindi yanapendeza. Lidwina mzima pia, ila tangu aitwe mjinga mbele ya wenzake haongei tena mezani.

Barua yako imeniudhi kuliko hiyo karatasi. Otto ni mfanyabiashara; siku hizi za soko huria, mwenye mabati na kibao cha Kiingereza anajiita mwalimu. Lakini wewe, baba mzazi, unaandika kwamba "mtoto asiye na kichwa" aachishwe hata shule yetu ya serikali, aende huko Tanga kulea mtoto wa dada yake shemeji!

Nilikuwepo akipimwa ili aingie shule ya Otto. Walimwonyesha picha ya nyumba ya Ulaya, wakamwuliza imepungukiwa nini. Walitaka aseme bomba la moshi juu ya paa.

"Jiko," akasema. "Sasa hawa wanapikia wapi?"

Wakampa sifuri. Nikamwuliza Otto nyumba yake mwenyewe ina bomba gani juu ya paa.

"Mzee, usinivurugie mtihani," akanijibu, na watoto wakacheka.

Aliyeanzisha vipimo hivi ni Mfaransa, Alfred Binet. Nilisoma habari zake nikiwa chuo cha ualimu. Alisomea sheria, akageukia kuchunguza namna watu wanavyofikiri. Hata binti zake wawili aliwachunguza humo humo nyumbani. Serikali yao ilipotaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa pekee katika masomo, yeye na mwenzake wakatunga maswali, mwaka 1905. Msaada, Kajetani, si kufukuzwa! Na waliodai kwamba akili haiongezeki aliwapinga waziwazi. Aliamini hukua kwa mafunzo na mazoezi. Alipokufa, wengine wakaigeuza kazi yake kuwa rungu. Otto kaliokota, na wewe unataka kumpiga nalo mwanao.

Mama anawasalimu nyote, hasa wajukuu zake, Selestine na mdogo wake Violeth. Hajui ulichoandika, nimeona aibu kumsomea. Mungu awalinde, na akulainishe moyo.

Kajetani, nawe shemeji Notburga, nasema nanyi wawili: mwambieni huyo Anord mnayemtuma asipande basi kuja kumchukua mtoto. Na kama ameshapanda, basi alete sare mpya ya shule. Hii aliyonayo Lidwina imembana mabega.

Kaka yako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Gaspari