Namba Saba kwenye Kadi ya Medali

Jumamosi, 11 Juni 1994

Beryl Schirmer, katibu wa ligi, kaniletea kadi mlangoni. Kadi ya Medali ya Pethick! Merv, aliyeipigia kura miaka ishirini na tano, alifariki Machi, na nafasi yake nimepewa mimi. Watu wa Karkoola, mji huu mdogo wa Australia, walinipokea mwaka 1949 kwa jina la Mbalti, yaani mtu wa nchi za Baltiki, na Mbalti nimebaki hadi leo – kwa wema, lakini nimebaki. Sasa Mbalti ni mmoja wa waamuzi watatu wa mchezaji bora wa kombaini. Nimechonga penseli mbili.

Masharti ni yale ya zamani. Kura tatu kwa aliye bora, mbili kwa anayemfuata, moja kwa wa tatu. Unaandika namba ya jezi tu, jina hapana, ili upendeleo wa mji usipenye.

Jumatatu, 13 Juni

Sikukuu ya Malkia. Manyunyu. Magari yamezunguka uwanja wote, na kila goli likiingia honi zote kwa pamoja – masikio yanavuma mpaka sasa. Kombaini yetu pointi 94, ya pwani 88; kwenye mpira huu wa Australia goli moja ni pointi sita.

Wade Nankivell! Miaka thelathini na mitatu, goti limefungwa bandeji, na bado aliruka juu ya mabega ya vijana akaudaka mpira kama mtu anayechukua kofia yake rafuni. Namtazama kila Jumamosi hapa klabuni tangu ana miaka kumi na sita. Kasema hii ndiyo kombaini yake ya mwisho, goti halitaki tena. Medali hii amewahi kuikosa mara mbili, kila mara kwa kura moja. Kura zangu tatu nilimpa bila kusita.

Beryl kasoma kadi juu ya tela la trekta. Craig Lisle kura tano, Nankivell nne. Lisle! Alicheza vizuri, sikatai, lakini... Nankivell kampa mkono, kacheka, kaondoka akichechemea. Kura moja tena! Nilipiga makofi na wengine huku nikiwalaumu waamuzi wenzangu moyoni. Vipofu.

Jumanne, 14 Juni

Kipofu ni mimi.

Asubuhi nilifungua orodha ya wachezaji ili niihifadhi. Saba: C. Lisle. Ishirini na mbili: W. Nankivell. Jezi za kombaini hugawiwa kwa ukubwa wa mwili, kila mtu hapa anajua. Klabuni Nankivell ni saba. Nami nikaandika saba. Kura zangu tatu zilimwendea Lisle. Nimepiga hesabu mara nne: haki ilikuwa Nankivell kura saba, Lisle mbili.

Kadi huchomwa zikishasomwa. Hakuna atakayejua.

Chai imepoa mezani. Kambini Ujerumani, baada ya vita, nilikuwa 4417 kwa miaka mitatu, imeandikwa kwenye kadi shingoni. Mimi, mtu wa kukosea namba ya mwenzangu!

Nikisema, watanyang'anya kadi, na ni haki yao. Miaka arobaini na mitano kuipata, siku tatu kuipoteza. Nisiposema – sijui nitakaaje pale uzioni Jumamosi.

Jumatano, 15 Juni

Nimesema! Saa nne asubuhi, kwa Beryl, nimevaa tai. Kaitazama tai – nani kafa? Nikamweleza yote kwa mkupuo. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

– Endel wee! Mgeni angesoma jezi. Wewe ulimwona Wade, ukaandika Wade. Merv alifanya hivyo hivyo mwaka sabini na moja. Hakumwambia mtu ila mimi.

Nikamkabidhi penseli yangu ya pili, nikasema atafute mwamuzi mwingine. Kanirushia. Acha upuuzi, mwakani utasoma mgongo kwanza.

Lakini, kasema, kadi iliyotiwa saini ndiyo ya mwisho. Kamati haimvui mtu medali. Lisle akiamua mwenyewe, hilo ni lake, naye Beryl atasahihisha daftari siku hiyo hiyo. Alitaka kumpigia simu. Nikakataa. Kosa langu, miguu yangu.

Nimelala mchana saa mbili nzima. Mwili mwepesi kama wa mtu aliyetua gunia.

Ijumaa, 17 Juni

Shambani kwa Lisle. Alikuwa chini ya trekta, nikazungumza na buti zake. Nilipomaliza akatoka, mafuta hadi nyusi.

– Ndiyo maana! Mzee, nilishangaa. Nilidaka mipira mitatu tu ya maana. Mke wangu kasema waamuzi walikuwa wamelewa.

Medali ilikuwa inaning'inia kwenye kioo cha pikapu. Kaifungua, kaishika kitambo kirefu kidogo kuliko nilivyotegemea. Ana miaka ishirini na sita. Si hakika ataitwa tena. Kisha kasema kesho klabu yao inacheza na yetu, atampa Wade mwenyewe.

Jumamosi, 18 Juni

Naandika hapa uwanjani, nyuma ya karatasi ya orodha, pai ya nyama gotini. Kabla ya mechi Lisle kamfuata Nankivell karibu na uzio, nami nipo. Nankivell kakataa! Kadi ni kadi, nimeshampa mtu mkono, siwezi kuurudisha. Lisle: kaka, chukua, inanichoma mfukoni. Nankivell: vaa glavu. Wakasukumana kama watoto hadi filimbi ikalia, na Lisle akaitupia kwangu.

– Ishike, Mzee! Tukimaliza, mpe mwenyewe.

Mwenyewe! Wote wawili waliitikia kwa kichwa, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Robo ya nne. Mvua imekuwa mvua kweli. Nankivell bado anaruka na goti lile. Medali imepata joto kiganjani. Ni ndogo, nilidhani ni kubwa zaidi.

King'ora cha mwisho. Tumeshinda kwa pointi mbili, honi kila upande. Wanakuja wote wawili moja kwa moja uzioni, mkono wa huyu begani kwa yule, Lisle akimbeba nusu. Matope yamewafunika mpaka kifuani na mgongoni. Siwezi kusoma namba ya yeyote. Wamefika. Nimesimama, na huyu mwenye bandeji namtilia medali kiganjani –