Glasi ya Pili ya Soave

Guildford, Sydney
9 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila upweke huu utanimaliza. Toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu hakuna anayeniita jina.

Nimepewa mzee wa kumtunza, Mwitaliano, anaitwa Aldo. Mkewe alishafariki. Kila jioni ya kazi nikishamwogesha, yeye hufungua divai nyeupe ya kwao, Soave. Anasema ikitengenezwa kwingine, sheria hairuhusu kuiita jina hilo. Humimina glasi mbili, huonja yake, kisha hunisogezea ya pili. Mimi mlokole, tena niko kazini, nakataa. Naye huimwaga kwenye sinki. Kesho yake humimina tena, utadhani nimekubali.

Mwanao,
Iteka

Rumonge
2 Machi 2025

Iteka mwanangu,

Marahaba. Mguu bado mbishi, lakini sokoni nafika. Simu zenu zimenishinda, basi barua hii namkabidhi Rénovat, yule kijana wa jirani anayerudi huko kwenu.

Umenitia aibu, wewe. Umesahau pombe yetu ya ndizi inavyotolewa? Mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone haina sumu. Ukikataa baada ya hapo, umemwita mchawi nyumbani kwake. Mzungu wa watu anaonja mbele yako kila siku, nawe kila siku unamwambia mchawi! Na yuko peke yake kama wewe. Nenda ukalowanishe midomo tu. Mchungaji akiuliza, mwambie ni mimi.

Mama yako, mwenye hasira na mapenzi

Guildford, Sydney
27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Rénovat alikwama Nairobi kwa mambo ya viza, barua nimeipata Alhamisi. Aldo tulikuwa tumeshamzika Jumanne.

Nilicheka ulivyonigombeza, halafu nikalia sana. Binti yake alinipa chupa iliyobaki. Akasema kila wakipigiana simu babake alikuwa akimwambia, “Leo labda atakunywa.”

Jioni hii nimeifungua. Nimemimina glasi mbili, nikaonja yangu kwanza, kama kwetu. Ina ukali kidogo, na harufu ya tufaha. Kisha nikainua ya pili nimpe mtu.

Mama, nilikaa nayo mkononi hadi ikapata joto. Kuimwaga nimeshindwa. Ipo hapa mezani, kando ya barua hii.

Mwanao,
Iteka