Koti Nililovaa Kwenda Kupasuliwa

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Maskati hatujambo, na bibi yako bado ananigombeza kwa sukari. Umeandika kuwa huko ugenini wanataka kukupasua, bima huna, na unaona haya kuwaambia. Hayo yalinikuta mie hapa, nilipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne.

Tumbo lilinishika forodhani Matrah, hamali mmoja akanibeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari akasema nisipopasuliwa siku ile nakufa. Pale tajiri na maskini wakilipishwa bei mbalimbali, na mie, mtanashati wa Unguja nzima, nimevaa koti na saa.

Karani akauliza, "Kazi yako?"

"Nna maduka matatu."

Maduka yenyewe yalikwisha kuchukuliwa Unguja, kwenye Mapinduzi! Alipotaja bei, wallahi nilisahau tumbo.

Hamali akacheka. "Muongo huyu, shekhe. Nimembeba mimi. Mwenye maduka matatu hawi mwepesi hivi."

Karani akafuta, akaandika bei ya asiye kitu. Saa yangu ikatosha kulipia.

Waambie, mwanangu. Mpaka leo nashtuka nikikumbuka: nilikuwa radhi kufa, lakini si kulivua lile koti.

Babu yako, mtanashati bado.