Nilivyoomba Macho Wazi

Westlands, Nairobi,
17 Juni 2009.

Kwako dada mpendwa, Millicent,

Pokea salamu zangu nyingi, hapo ulipo kati ya chaki na kelele za Darasa la Tatu. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Ninyi mwaendeleaje? Miguu ya mama mkwe wako imeacha kuvimba? Na Odero, bado anataka atolewe miiba yote ndipo ale samaki, kama mtoto wa gavana wa kikoloni? Mwambie mama yake mdogo anamcheka kutoka mbali.

Najua umeshangaa barua hii kuja shuleni badala ya nyumbani, tena ya mkono, wakati simu ninayo. Simu yako shemeji huishika kila anapokuja huko, na barua pepe za ofisini siziamini tena. Nakuomba uisome ukiwa peke yako.

Unaijua kazi yangu nusunusu, basi nikueleze vizuri. Kampuni hii ambayo shemeji Jackton ni msimamizi wa stoo, na ambayo yeye mwenyewe aliniombea kazi, husambaza dawa kwa zahanati ndogo kuanzia Kangemi hadi Riruta. Mimi na Syokau, dada mmoja Mkamba, ndio tunaoandika programu zake za kompyuta. Syokau alitengeneza ukurasa mmoja wa mtandao tunaouita dashibodi, kwa kuwa kama ile ya gari, ukiutupia jicho unajua hali ilivyo. Katoni ya dawa ikibakiza miezi mitatu muda wake uishe, ukurasa huonyesha nyekundu, na mkurugenzi wetu, Bwana Wachira, hutuma watu stoo wakazihesabu. Pakiwa kijani, hakuna anayekwenda kuhesabu.

Tangu Machi rangi hizo zikaanza kutuchezea. Mtu alikuwa anaingia kwenye ukurasa na kubadilisha kile kipimo cha miezi mitatu kuwa wiki mbili, kisha anahifadhi. Ukishahifadhi, cha zamani kimefutika na aliyekifuta hajulikani. Syokau akirekebisha leo, baada ya siku chache kimerudi vilevile. Mwishowe zahanati moja ikaturudishia dawa za watoto za malaria zilizokwisha muda. Bwana Wachira alituita akiwa amefura, akasema hii kitu itamwaibisha mpaka kwa wizara, na kwamba dashibodi ni ya Syokau, kwa hivyo yeye ndiye anayeiharibu. Akampa mpaka mwisho wa mwezi huu athibitishe kwamba si yeye, la sivyo aende zake. Syokau ana mtoto mchanga, Milli, na anamlea peke yake.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Nilimshuku Nyakio wa chai, ambaye kitambaa chake cha vumbi hakiishi kupangusa kompyuta za watu. Nilimshuku Bwana Wachira mwenyewe, kwamba anatafuta njia ya kumfukuza binti wa watu. Mungu anisamehe, nilimshuku hata Syokau, nikawa namtazama anavyotafuna githeri kana kwamba utafunaji wake ungeniambia kitu.

Ndipo nikamwendea mkurugenzi faraghani. Nikamwambia naweza kuifanya dashibodi iwe na historia: kila mtu anapohifadhi, ule ukurasa wa awali haufutiki, unabaki pembeni pamoja na jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha, na ukitaka kuurudisha unaurudisha. Ni kama kupika ugali mpya bila kumwaga ule wa jana. Akakubali, akaniagiza nisimwambie mtu. Niliifanya kazi hiyo kimyakimya, na hata shemeji ninayekula naye meza moja sikumdokezea.

Historia ilipoanza kufanya kazi, jina la kwanza kujitokeza lilikuwa la Syokau. Nilikaa nikiliangalia, maana chombo nilichokiunda kumwokoa ndicho kilichokuwa kinamzika. Kisha nikaangalia saa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, tukiwa kwenye maombi. Na maombini Syokau husimama kando yangu, kwa sababu yeye ndiye huanzisha nyimbo.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, wafanyakazi wote huingia chumba cha mikutano kuomba, na kompyuta zinaachwa wazi zilivyo. Hakuna anayefunga yake. Ukiifunga unapokwenda maombini, ni kama umewaambia wenzako wateule kuwa ni wezi. Syokau alicheka nilipomuuliza kama hufunga yake. Aliniuliza kwani ningefunga kanisa nikiwa ndani.

Basi Jumatatu hii niliomba macho wazi. Bwana Wachira aliiombea nchi, akaiombea mvua, akaiombea hata barabara ya Waiyaki, na wote walikuwa wameinamisha vichwa. Mlangoni kuna mmoja wetu ambaye husimama kila wiki kuwafungulia waliochelewa, na watu humsifu kwa unyenyekevu huo. Nilipoangalia mlangoni hapakuwa na mtu. Nikanyoosha shingo kidogo, nikaona kupitia kioo cha mlango. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta ya Syokau, amevaa ile miwani ya kusomea uliyomnunulia Kisumu. Kisha akarudi polepole mahali pake, akaitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Ni Jackton, dada. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia mpaka nimechoka.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Riruta ninakolala, nilimkabili. Kwanza alicheka. Alipoona sicheki, akaniambia kwamba kwa muda mrefu amekuwa akitoa katoni za dawa stoo na kuziuza kwa maduka ya dawa huko kwetu. Nyekundu ikionekana watahesabu, wakihesabu watajua hazipo. Akaniuliza ni nani aliyenileta Nairobi, na ninalala kwa nani. Akasema nikifungua mdomo nitakuwa nimevunja nyumba ya dada yangu kwa ajili ya mtu wa mbali. Nilipomwambia kwamba wewe ukijua ungeniunga mkono, akanitazama kwa huruma, akasema wewe unajua tangu mwanzo.

Hapo nikakumbuka Krismasi. Niliona katoni chini ya kitanda chako, ukaniambia ni karatasi za mitihani, ukaninyang'anya ufagio.

Leo asubuhi nilimwambia Bwana Wachira. Shemeji ametolewa na askari wa geti na amepelekwa kituo cha polisi kuandikisha maelezo. Syokau amebaki na kazi yake. Alinikumbatia mbele ya watu wote, nami sikuweza hata kuinua mikono. Sasa naishi kwa rafiki yangu Shiko, hapo Kangemi.

Mkurugenzi nilimwambia yote isipokuwa zile katoni za chini ya kitanda. Hilo nimelificha kwa ajili yako, na halinipi raha. Kama bado zipo, zipeleke mwenyewe hospitali ya wilaya kabla hawajaja kuziulizia, na asipewe mtoto yeyote hata kidonge kimoja.

Kama hukujua, dada, niandikie upesi, nije nikupigie magoti kwa kukuwazia hivi. Kama ulijua, usiniandikie uongo. Kaa kimya tu, nitaelewa.

Nisalimie mama mkwe, umpe pole ya miguu. Msalimie na Odero, umbusu kwa niaba yangu. Akiuliza baba yake anakuja lini, tafadhali usimwambie ni mimi niliyemzuia, mpaka awe mkubwa wa kutosha kunichukia kwa haki.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado,

Lornah.