Kiti cha Bi Mwanaidi kwenye Kamati ya Nyumba

Birmingham, Jumatano, Mei 1972

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Moyo nao ulianza siku hivyohivyo, lakini jioni hii umechangamka kidogo. Seif, mume wangu, yuko zamu ya jioni kiwandani, kwa hiyo nina meza yote peke yangu na jambo la kukiri.

Nimesahau namna ya kumwomba mtu mzima jambo.

Nianze mwanzo, maana nikija kuusoma ukurasa huu baada ya miaka huenda hata kazi yangu nitakuwa nimeisahau. Mimi ni mpigataipu katika ofisi inayoshughulikia kamati za halmashauri. Uchaguzi ukiisha, madiwani hugawiwa kamati, na karatasi zote za ugawaji huo hupita kwenye mashine yangu. Nilipoanza nilidhani wanagawiwa kwa ujuzi wao, daktari aende kwenye afya, mwalimu aende kwenye shule. Kumbe kwanza huhesabiwa viti. Chama chenye madiwani wengi hupata wajumbe wengi katika kila kamati, na kingine hupata kwa kadiri yake. Kisha kila chama kina mnadhimu, yaani diwani wa kuwaweka wenzake kwenye mstari, naye ndiye anayeandika majina. Wakongwe huchagua kwanza. Wapya huokota kilichobaki, na kinachobaki siku zote ni kamati ya maji machafu. Juzi nimewapita wanadhimu wawili kwenye ukumbi, vikombe vya chai mkononi, wakibadilishana watu: niongezee mmoja kwenye bustani, nitakuachia mmoja kwenye masoko. Mwisho orodha hupelekwa kwenye mkutano wa halmashauri nzima, mikono inainuliwa, imekwisha.

Jambo moja nimeliona kwa madiwani wa pande zote mbili. Hawaoni haya kujiombea. Wanaandika barua kwamba wanastahili, kwamba wana uzoefu, kwamba hakuna mwingine. Mmoja aliandika mbili kwa siku moja, ya pili ikiwa na wino mwekundu. Mwanzoni nilikuwa nawaonea aibu kwa niaba yao. Siku hizi nazipiga taipu bila kuinua macho, na sasa naona hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Mwaka huu kuna kamati moja ya muda, ya uchunguzi. Itakaa miezi sita, itazame namna watu wa zile nyumba kuukuu za Hockley watakavyohamishwa zikibomolewa, kisha iandike mapendekezo. Hakuna diwani aliyeigombania. Aliyepangiwa uenyekiti ni mtu mpole wa Edgbaston, mtaa wa wenye mali, akaniuliza kama ni kweli bado zipo nyumba zenye choo cha uani. Nikamwambia ipo ninayokaa mimi. Akatahayari, akaniomba radhi, na tangu hapo ninampenda kidogo.

Kamati hii ina madiwani saba na viti viwili vya wakazi. Cha kwanza amepewa fundi mmoja wa Kiayalandi. Cha pili, bosi wangu Bwana Hargreave, karani mkuu wa kamati, alikuwa na mtu wake kichwani: Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni Mzanzibari mwenzangu. Kwetu alikuwa mwalimu wa shule, hapa anang'arisha vyuma kwenye karakana ndogo palepale Hockley. Mwaka jana afisa mmoja alikuja mtaani kwake na ramani, nyumba za watu zimetiwa rangi moja na nyumba tupu rangi nyingine. Bi Mwanaidi alimkalisha jikoni, akampa chai, akaipitia ramani ile mlango kwa mlango kama daftari la mwanafunzi. Nyumba moja iliyoandikwa tupu ilikuwa na watu saba. Alijua bibi yupi wa Kijamaika hapandi ngazi, na ndugu gani wa Kipunjabi wanapika jiko moja. Mtaa mzima unaogopa kutawanywa, hawa wapelekwe Kingstanding, wale wapelekwe upande wa pili wa jiji, na yule anayemwangalizia mwenziwe mtoto asiwe karibu tena. Bwana Hargreave alisimuliwa habari za ile ramani na hakuzisahau.

Ijumaa iliyopita akanituma mimi nikamuulize, kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Nikaenda, nikaamkia, nikaketi ukingoni mwa kiti na koti langu mwilini. Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mie ni nani, mwanangu, wa kukaa meza moja na madiwani? Kiingereza changu cha kwenye basi. Watafuteni wenye kujua."

Nikamshukuru, nikaaga. Sikukaa robo saa. Jumatatu nikapiga taipu mbele ya jina lake: amekataa.

Nafasi yake ikaenda kwa aliyefuata, bwana mmoja mwenye nyumba tatu katika mtaa uleule, zote za kupangisha. Jibu lake alilileta mwenyewe siku ya pili tu, na alitia na picha yake.

Jana ndipo Seif alipokutana sokoni na Mzee Juma, mume wa Bi Mwanaidi. Mzee akamuuliza mbona sikurudi. Jumapili walinisubiri. Bi Mwanaidi alipika mkate wa kumimina, akatandika kitambaa kizuri mezani, akakaa na miwani yake na kalamu hadi magharibi. Seif alinisimulia huku anacheka. "Umeshakuwa Mwingereza weye," akaniambia. "Mtu kakuambia mie ni nani, ukaondoka?"

Sikucheka. Nilikwenda uani nikalia, kwenye choo kilekile nilichomsimulia mwenyekiti.

Maana nilivyolelewa mimi, mtu mwenye heshima zake hadandii cheo mara ya kwanza anapotajwa. Hurudi nyuma. Unamjia tena, anarudi nyuma tena, lakini anakuuliza maswali. Mara ya tatu hufiki peke yako, unakuja na mtu wa kukuongezea uzito, na hapo ndipo atakaposema haya, kwa kuwa mmenilazimisha. Mama yangu alimwendea mwanamke mmoja mara tatu ili awe kiongozi wa chama cha kuzikana cha mtaani, na kila mtu alijua tangu mara ya kwanza kwamba amekubali. Miaka saba hapa, nami nimeuliza mara moja kama karani wa posta.

Leo asubuhi nilimwendea Bwana Hargreave kabla hajavua kofia. Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwamba kulitokea mkanganyiko. Nikasema ukweli badala yake, kwamba kosa ni langu, kwamba Bi Mwanaidi hakukataa, alikuwa anangoja aombwe vizuri.

"Lakini alisema hapana," akasema.

"Alisema hapana ya kwanza."

 Bwana Hargreave ni mtu anayeheshimu kanuni kuliko kitu chochote. Akauliza ziko hapana ngapi. Nikamwambia mbili, kwa kawaida. Akauliza nani anayezihesabu. Nikamwambia wote wawili, ila hakuna anayesema. Akafungua orodha, akaliangalia jina la yule mwenye nyumba tatu, akasema orodha inakwenda kuchapwa kesho saa nne asubuhi na baada ya hapo haiguswi hata na Meya. Nikimpa sahihi ya Bi Mwanaidi kabla ya saa hiyo, jina litabadilishwa na mimi mwenyewe nitazipiga upya kurasa tatu. Nisipoipata, litabaki lililopo.

Nilipotoka kazini nilikwenda Hockley kwa miguu, sikungoja basi. Safari hii nilivua koti. Nilikula mkate, uliobaki wa Jumapili, umekauka kidogo pembeni, nikaomba kipande cha pili. Tukaongea habari za watu wa nyumbani, nani kajifungua, nani kaandika barua. Kisha nikamuomba radhi kwa Jumapili, nikamuomba tena ile kamati. Nilimwambia kuhusu mwenyekiti na choo cha uani. Nilimwambia na nani atakaa kwenye kiti kile asipokaa yeye.

Aliposikia jina la yule bwana aliweka kikombe chini. Lakini akasema, "Hapana, mwanangu. Siwezi mambo hayo. Nishakuwa mtu mzima."

Mzee Juma, aliyekuwa anasoma gazeti pembeni, hakugeuza ukurasa.

Halafu Bi Mwanaidi akauliza vikao vinakaa siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Akauliza kama wanaruhusu mtu kuja na karatasi zake mwenyewe. Nikamwambia wanaruhusu. Akasema anauliza tu. Akaniuliza tena kama mwenyekiti ni mtu wa kusikiliza au wa kuongea, nikamwambia sijui, lakini anajua kuona aibu. Hilo lilimpendeza, nilimwona.

Alinisindikiza hadi mlangoni, akatazama mvua, akasema kana kwamba anazungumza nayo, "Kesho nipo mpaka saa mbili kasoro robo. Kisha nakwenda kazini."

Nimetembea mpaka kituo cha basi nikitabasamu kama mwehu. Nimekataliwa mara ya pili na sijawahi kufurahi hivi tangu nifike nchi hii.

Inabaki mara ya tatu, na haifai niende peke yangu. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo tangu asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya Bwana Hargreave, na sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia kwamba kama jioni hii nitaambiwa hapana ya pili, basi kesho anitafutie mtu mzima wa kwenda naye, mwenye cheo. Alirekebisha kalamu zake zote mezani. Kisha akasema basi lake hupita Hockley, na kwamba anaweza kuwahi moja la mapema zaidi.

Saa moja na dakika ishirini, kwenye kona ya karakana. Fomu iko kwenye mkoba wangu, mstari wa sahihi haujaandikwa kitu. Nimeweka na kalamu mbili, moja isije ikakataa kwa baridi.

Naogopa? Naogopa. Anaweza kusema hapana ya tatu, akasema na ya nne, maana nimemchelewesha kwa siku tano na mtu huchoka kungoja. Lakini yale maswali yake ya vikao na karatasi sikuyaota.

Kesho kwenye kona nitampa Bwana Hargreave maagizo, yeye ambaye kila siku hunipa mimi. Avue kofia. Aketi mpaka ndani ya kiti, asikae ukingoni. Ale chochote atakachopewa. Na Bi Mwanaidi akisema mie ni nani, asinyanyuke.