Kanga ya Shukrani Kabla ya Kura

Jumatano, mwezi wa kumi na moja, 1999. Guangzhou.

Umepotelea wapi wewe? Tangu Idi sijauona uso wako hapa. Unaingia kimya kimya kama umeitwa msibani, mikono mitupu, hata kitunguu hukuniletea. Haya, vua viatu, nimepiga deki. Kaa, usikilize, leo sina utani mwingi.

Jua la leo lipo, ila kama limefunikwa na kitambaa kichafu. Moshi wa viwanda umeshuka mpaka ghorofani kwetu. Nguo nilizoanika dirishani zimekauka, lakini zinanuka.

Kwa wageni wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni Bi Mwanaasha, ninawapikia wafanyabiashara wa kwetu hapa kwenye jengo la Tianxiu. Darasa sikuliona. Kusoma nilijifunzia kwenye kanga, herufi kubwa kubwa, namuuliza huyu na yule mpaka zikaniingia. Ndiyo maana nami naandika kwa herufi kubwa kama mtu anayegombana. Mwanangu Athumani ndiye anayeyahamishia maneno yangu kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Athumani, leo andika kama yalivyo. Usinipunguzie neno.

Jana tulikuwa na mgeni. Mheshimiwa Mbaruku, mbunge wa jimbo letu kule Tanga.

Wengine wanamwita Mheshimiwa. Mimi namwita Mbaruku, kwa sababu nimemnyonyesha. Mama yake alipomzaa alishikwa na homa, ziwa likakauka. Mimi nilikuwa na Athumani mchanga. Nikamweka huyu kulia, huyu kushoto, wakapigana mateke tumboni kwangu mpaka wakalala. Kwa dini yetu yule ni mwanangu. Athumani ni kaka yake, na binti yangu Salama ni dada yake, asingeweza hata kumposa.

Alikuwa mtoto mzuri. Nasema kweli. Alisoma, akawa karani kwenye kampuni ya mkonge, akawa anawaandikia watu barua zao bila kuwadai hata shukrani. Alipogombea mara ya kwanza, enzi zile za alama za jembe na nyumba kwenye karatasi ya kura, yeye alipewa jembe. Nilizunguka na jembe la kweli begani, naimba mpaka sauti ikakatika. Akashinda kwa haki, na mimi nikacheza barabarani na umri wangu ule.

Mara ya pili alipambana na mwalimu mmoja aliyependwa sana. Kampeni hazijaanza, mwalimu akaletewa uhamisho, kazi yake ikawa mbali huko ambako hata redio haishiki. Mbaruku alikwenda nyumbani kwa mke wa mwalimu kutoa pole. Alibeba gunia la mchele.

Tukasema, ana utu huyu.

Mara ya tatu, vyama vingi vimekuja, akatokea muuza mbao mmoja na chama chake kipya. Alikuwa na maneno makali na watu wakimfuata. Siku ya kurudisha fomu, duka lake la mbao likaungua. Alikaa kwenye majivu na fomu mfukoni, muda ukapita. Mbaruku akapita bila kupingwa. Jioni ile ile alikuwa kwa muuza mbao, anatoa pole. Gunia la mchele likateremshwa mlangoni.

Mara hiyo nilitazama tu lile gunia.

Na kazi yake bungeni ni ipi? Barabara, maji, zahanati. Miaka yote ni hayo matatu, anayasema kwa wimbo kama mtoto anayehesabu vidole. Barabara ya lami imetoka mjini ikafika getini kwake, ikachoka. Bomba la maji lipo, tunafungia mbuzi. Zahanati imefika usawa wa madirisha. Ndani, pale ambapo pangekuwa chumba cha kuzalia, pameota mpapai, na unazaa kuliko wanawake wetu wanavyozaa salama.

Hapo ndipo Salama anapoingia. Binti yangu ni mkunga. Wanawake wanamgongea mlango usiku na mchana, anawazalisha kitandani kwake, wengine kwenye mkeka, na wawili watatu wamemfia mikononi kwa kukosa damu. Mwaka huu alisimama kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu akasema, mwakani nagombea, na sitaki barabara wala maji, nataka ule mpapai ung'olewe. Watu walipiga vigelegele. Mimi niliposikia huku nilipiga changu jikoni, Mchina wa jirani akaja mbio akidhani nimeungua.

Sasa jana. Mbaruku amekuja Guangzhou kununua vitu vya kampeni. Athumani ndiye aliyemtembeza: fulana na kofia kule soko la Shahe, halafu kiwanda cha kuchapa kanga, alikotuma oda yake tangu mwezi uliopita. Mchana akaja kula kwangu. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa sababu hata ukimkasirikia mtoto, njaa yake haina kosa.

Alikula vizuri. Akanawa, akafungua mfuko wake, akatoa kanga mbili za mfano akaniwekea mapajani.

"Zawadi yako, Mama. Mtu wa kwanza duniani kuzivaa."

Ya kwanza ilikuwa ya kijani. Imeandikwa MBARUKU TENA: BARABARA, MAJI, ZAHANATI. Hiyo niliijua, kwa sababu Wachina wa kiwandani hawajui Kiswahili, herufi wanaziona kama maua, kwa hiyo Athumani huniletea kila maandishi niyapitie kwa kidole kabla hayajachapwa.

Ya pili ilikuwa ya zambarau. Hiyo hakuna aliyeniletea.

"Na hii ni ya nini?"

"Ah, Mama, maua tu hayo. Si unapenda zambarau wewe?"

Kumbe hakujua kuwa huku nimejifunza kusoma. Kule kwetu kila mtu anajua Bi Mwanaasha hakusoma, na yeye aliondoka kijijini na ujuzi huo huo. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza nikaanza kutembea nacho, polepole, kwa sauti. ASANTENI WANANCHI KWA KUNIPITISHA TENA BILA KUPINGWA.

Athumani akaacha kutafuna.

"Heee! Kumbe Mama unasoma?"

"Nasoma. Uchaguzi mwakani, wewe unashukuru leo?"

"Maandalizi hayo, Mama. Meli zenyewe unazijua, zinakwenda kwa maringo."

"Na bila kupingwa kivipi? Dada yako ameshasema atagombea. Au hukusikia?"

Akacheka. Anacheka vizuri Mbaruku, hata mtoto mdogo alikuwa hivyo hivyo, anakung'ata ziwa halafu anakucheka usoni mpaka unasahau maumivu. Jana sikusahau. Alisimama, akaniinamia nimshike kichwa kama desturi yetu, nikamshika. Kilikuwa cha moto. Pale mlangoni akageuka.

"Ukiongea na dada yangu, mpe pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kazi tu, Mama. Ukunga si mchezo."

Akashuka ngazi.

Pole. Sisi tunalitumia neno hili kwa kila kitu: mtu akijikwaa, akifiwa, akifagia uwanja. Sijapata kuliogopa mpaka jana. Yule mtu pole yake huja baada ya jambo. Mara hii imetangulia peke yake.

Nilimgeukia Athumani. Akainamisha kichwa, mtu mzima na mvi zake. "Mama, mimi nilidhani ni mbwembwe za wanasiasa tu." Nikamwambia amalize samaki wake, halafu anipeleke kwenye simu.

Tulishuka ofisini kwa wakala wa mizigo, chini. Salama alipokea, kule kwao bado asubuhi, nasikia majogoo. Nikamweleza habari ya kanga. Laini ikakwaruza.

"Salama!"

"Nipo, Mama."

"Huko kwako kuna jipya?"

"Watu wake walikuja hapa jana. Wameteremsha gunia la mchele mlangoni. Nimewauliza la nini, wakasema Mheshimiwa ametoa pole. Nikawauliza nimefiwa na nani. Wakapanda gari."

Nikakaa juu ya maboksi ya watu. Nikamwambia asiupike. Nikamwambia afunge nyumba akalale kwa shangazi yake mjini, asirudi mpaka nitakaposema.

"Mama, kuna mwanamke wa kule bondeni, mimba yake imekaa vibaya. Akija kugonga na mimi sipo, nani atamfungulia?"

"Mwanangu, na asipokuwa yeye anayegonga?"

"Nitajuaje kabla sijafungua?"

Wewe unalo jibu?

Leo asubuhi nilikwenda kiwandani mwenyewe, Athumani nyuma yangu. Niliwaza, ile ya zambarau ikifutwa, ataona hata huku kuna watu wanaompinga. Ujinga wa kizee, lakini mtu hushika kilicho karibu na mkono. Laoban wao, yaani bosi, ni mwanamke wa makamo, tunapendana, huwa namletea maandazi. Nikatandaza kanga mezani, nikaikandamiza kwa kiganja. "Bu yao," nikamwambia. Hii hatuitaki. Kichina changu ni hicho tu, cha kukataa.

Akanitazama kwa huruma. Akaonyesha mlango mkubwa wa nyuma, halafu akapunga mkono mbali, mbali, hivi. Athumani akatafsiri bila kuniangalia. Zimeshapakiwa. Ya zambarau ndiyo iliyochapwa kwanza, kontena limeshatoka bandarini. Ile ya kijani, ya kuomba kura, bado hata kitambaa hakijakatwa.

Shukrani ziko baharini tayari. Kuomba kura hakuna haraka.

Nimerudi, nimekunja vitu vyangu. Athumani amenitafutia ndege, naondoka keshokutwa, sufuria zangu nimemwachia Mkongo wa ghorofa ya juu ambaye ataziunguza. Athumani analia, anasema nimezeeka, nitafanya nini kule. Nimemwambia nitafanya kazi ya mlango. Nitatandika mkeka wangu pale pale kizingitini kwa Salama. Mlango ukigongwa, nitafungua mimi kwanza. Akiwa mwanamke na uchungu wake, nitampisha. Wakiwa wengine, watamkuta aliyemnyonyesha bwana wao, na nitamuuliza kila mmoja jina la mama yake.

Mbaruku, kama unasoma, nimekuandika kwa herufi kubwa ili uone vizuri. Samaki wa kupaka bado ninaye, na ziwa nililokupa sikudai. Mwache dada yako.

Ile kanga ya zambarau nimeifungia sanduku. Sijui kama nitajifunga, nitaifutia masizi, au nitamfunika nayo maiti. Hili la mwisho Mungu aniepushie.

Nawe, ukija tena hutanikuta hapa. Nifuate kwa Salama, nyumba ya mwisho kabla ya zahanati yenye mpapai. Usigonge. Ita jina lako kwa sauti ukiwa bado njiani, nisikie ni wewe. Na njoo kama ulivyokuja leo, mikono mitupu.

Mchele usilete.