Beki wa Mahendra

Harrow, London, 16 Novemba

Kaka Bonface,

Sasa hivi Shekinah amerusha kijiko cha uji kikatua ndani ya kiatu cha babake, halafu akajipigia makofi! Sisi wazima. Huko Kitale je, mguu wa Mama umepona?

Nisaidie. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tuna mchezo wa simu. Unachagua wachezaji wa mpira wa Marekani, wakifanya vizuri unapata pointi. Atakayeshika mkia atafanya kazi Krismasi, na mkiani tuko mimi na Mahendra, yule Mhindi wa Kisumu. Kaka, Krismasi iliyopita mtoto nilimwona kwa simu tu.

Mahendra anataka tubadilishane makwotabeki. Wangu ni kijana wa kukimbia na mpira mwenyewe. Wake hutulia nyuma, anarusha mbali. Nikubali?

Mdogo wako,
Lydia

Kitale, 17 Novemba

Mdogo wangu,

Mguu wa Mama umepona. Mdomo haukuwahi kuugua, anakusalimu.

Umeuliza mwenyewe! Mimi nimecheza beki sekondari yote. Beki hazururi. Akipanda na mpira, lango analiachia nani? Chukua huyo anayetulia nyuma. Lakini mwambie aache kushika mpira kwa mkono, refa atampa penalti.

Kakako

Harrow, 24 Novemba

Kaka, salamu. Sheki ameota jino jingine.

Tumebadilishana. Jana yule mkimbiaji alimpa Mahendra pointi mpaka akacheza ngoma jikoni mwa wazee. Huyu wako katulia kweli, kama amelala. Una hakika?

Mdogo wako

Kitale, 25 Novemba

Lydia, hatujambo. Beki haonekani mpaka shida ije. Tulia.

Kakako

Harrow, 25 Desemba

Kaka, heri ya Krismasi, na Mama pia. Nakuandikia nikiwa NYUMBANI, Sheki yuko mapajani ananivuta nywele!

Yule mkimbiaji aliteguka mguu akikimbia. Wako akaamka, akarusha vizuri mechi tatu mfululizo, nikatoka mkiani. Mahendra yuko kazini, kavaa kofia nyekundu. Ameniambia, “Dada, kakako ni profesa. Lete namba yake, mwakani ananichagulia yeye.” Nikampa kabla sijafikiri. Anakupigia leo jioni.

Sasa Kaka, kabla hajapiga, kuna jambo kuhusu hilo neno beki. Nilielezwa tukiwa tumeshabadilishana, nikaona haya kukwambia. Kwa kweli huyo kwotabeki si beki wa kulinda lango hata kidogo, kazi yake ni ku

ngoja, baba Sheki ananiita jikoni, anasema kuku anaungua! Natuma barua pepe hii hivi hivi, nitamalizia kesho.